Kitu Asichokuwa Nacho Bonge

11 Mei

Dada,

Habari za huko? Kile kikohozi kimekuacha, au bado unakunywa chai iliyopoa juu ya meza ya kazi halafu unasema umekula? Sisi huku hatujambo. Baba Bonge amepata kazi ya kupaka rangi jengo la ofisi, anarudi wa kijivu mpaka kwenye kope, na Bonge akimwona anacheka mpaka anapaliwa. Mimi na cherehani yangu tunakwenda. Msimu wa sare za shule umeanza, nashona kola mpaka naziota.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako naanza kulia kabla sijasema la maana. Bonge anakaribia miezi minane. Yale mashavu unayajua, sasa yamezidi. Ila anashtuka mno. Nikiangusha mkasi, mikono yote miwili inaruka juu na macho yanamtoka. Mlango ukifungwa, vilevile. Mama mkwe anasema ana masikio makali, atakuja kuwa mpiga ngoma. Na mwezi uliopita alikuwa anakaa mwenyewe, ananitazama nikishona. Sasa nikimkalisha anainama taratibu, kama shati linaloteleza kwenye kiango cha nguo. Jirani kasema ni uzito wake tu. Nimecheka naye, kisha nikamkalisha tena.

Wewe unashinda na damu za watu huko maabara. Umewahi kusikia mtoto anayesahau kukaa?

Mdogo wako


19 Mei

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata nikiwa mzima. Kikohozi kimekwisha. Habari ya chai usiniulize, utanifanya niwe mwongo bure. Tumehamishiwa ghorofa ya juu ambako madirisha hayafunguki, na mwenzangu mmoja anakula vitunguu vibichi kila mchana. Hiyo ndiyo habari kubwa ya huku.

Bonge usimlazimishe kukaa. Nataka umpeleke kwa daktari wa macho. Najua utauliza macho na mgongo vinahusianaje. Mpeleke tu. Mwombe atazame ndani, nyuma kabisa ya jicho, asiishie mbele. Neno lolote atakalosema liandike kama alivyolitamka, hata kama hulielewi. Na nenda na Baba Bonge. Usiende peke yako.

Mbusu kwa ajili yangu.

Dada yako


6 Juni

Dada,

Salamu kutoka kwetu wote. Tumekwenda. Baba Bonge aliomba ruhusa kazini, akavaa lile shati lake la harusini, akawa anapiga mluzi njia nzima kumtuliza mtoto, na mtoto hata hakuwa analia.

Daktari alimtazama na kile kitochi chake, akasimama, akatazama tena. Halafu akaenda kumwita mwenzake. Wakatazama kwa zamu. Nikauliza, "Ni mtoto wa jicho?" Akasema hapana. Akasema, "Kuna doa jekundu katikati, na pembeni pamepauka." Nimeandika kama ulivyoniambia. Nikamuuliza doa hilo linatibiwa vipi, akaniambia tumwone daktari wa watoto, na akanishika bega. Dada, madaktari wa hapa hawana tabia ya kumshika mtu bega.

Nijibu upesi.

Mdogo wako


3 Julai

Dada,

Natumaini u mzima. Nauliza kweli, kwa sababu tangu nikuandikie habari ya doa hujasema neno. Nakujua. Ukiwa hujui jambo unaongea mno, unauliza hili na lile. Ukinyamaza ni kwamba unalijua.

Bonge ameacha kushika kijiko. Daktari wa watoto katuchukua damu, kasema majibu yatachelewa.

Niambie wewe. Nikiambiwa na mtu baki sitavumilia.

Mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu,

Leo sina salamu ndefu. Mimi mzima. Kaa chini kabla hujaendelea, na Baba Bonge awe karibu.

Nilijua tangu uliponiandikia kwamba anashtuka na kusahau kukaa. Nilikuwa naomba daktari wa macho asione kitu.

Ndani ya kila seli ya mwili kuna mahali pa kuvunjavunja vitu vilivyokwisha kazi yake. Zinazovunja ni molekuli za protini ziitwazo vimeng'enya. Kimeng'enya kimoja ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo, asidi amino, na mnyororo huo haukai umenyooka. Unajikunja na kujikunja mpaka upate umbo lake, na katika umbo hilo panabaki kishimo kinachoshika kitu cha namna moja tu na kukikata. Umbo ndilo linalofanya kazi. Likikosewa, molekuli ipo lakini haifanyi lolote, au mwili unaitupa kabla haijafika mahali pake.

Bonge hana kimeng'enya kimoja. Kimoja tu kati ya maelfu, na vingine vyote ni vizima, ndiyo maana amenawiri na anacheka. Hicho kimoja ndicho kinachokata aina fulani ya mafuta kwenye seli za ubongo na za neva. Si mafuta mabaya, sote tunayo na tunayahitaji. Lakini yakishatumika lazima yakatwe, na kwake hayakatwi. Yanajaa. Seli zinavimba, halafu zinakufa. Lile doa jekundu ndipo mahali pekee nyuma ya jicho ambapo seli hizo hazipo, kwa hiyo panabaki na rangi yake, na pembeni kote kumejaa.

Ataacha kukaa, ataacha kushika, ataacha kuona. Baadaye itakuwa vigumu kumeza. Watoto wengi wenye hali hii hawamalizi mwaka wa nne. Dawa haipo, mdogo wangu. Kungekuwa na namna nyingine ya kuiandika sentensi hiyo, ningeitumia.

Dada yako


21 Julai

Dada,

Sisi tupo. Majibu ya damu yametoka na ni hivyohivyo ulivyosema.

Barua yako niliisomea chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mteja alikuja akapiga hodi, sikutoka. Nimeisoma tena na tena mpaka nimeanza kuelewa, na nikielewa ndipo ninapokasirika. Umesema ni protini. Si wewe uliyenifundisha, tukiwa bado shuleni, kwamba protini iko kwenye maharage na mayai? Nampa mayai. Nampa maziwa. Kila siku. Kwa nini mwili usichukue humo? Na wewe mwenyewe unafanya kazi na hivyo vimeng'enya, uliwahi kuniambia mnavitia kwenye vichupa na kuviweka kwenye friji. Nitumie kimoja. Nitamdunga mwenyewe, mimi na sindano tunajuana.

Mama mkwe anasema ni cherehani. Ati nilishona mpaka wiki ya kujifungua, mtikisiko ukamwingia mtoto. Siku nyingine anasema ni ukoo wetu. Baba Bonge anampakata mtoto tu.

Nilimkosea nini nikiwa na mimba? Sema, hata kama ni kitu kidogo.

Mdogo wako


2 Agosti

Mdogo wangu,

Pole. Nakusalimu, namsalimu shemeji, namsalimu Bonge.

Hukumkosea kitu. Cherehani haimo. Nakujibu moja baada ya jingine kwa sababu najua hutaniachia.

Protini ya yai ikifika tumboni inakatwa vipande vyote. Mwili haupokei kimeng'enya cha kuku ukakivaa. Unapokea vipande, kisha unajiungia vyake kwa kufuata maelekezo yake wenyewe, yale tunayoyaita jeni. Hapo penye maelekezo ndipo pamekosewa kwa Bonge. Ukimpa mayai ya dunia nzima, ataunga vizuri kila kitu isipokuwa hicho kimoja.

Vichupa vyangu, ndiyo, vipo. Nimevitazama wiki hii yote kama mwizi. Lakini ukimdunga, dawa inakwenda kwenye damu, na kati ya damu na ubongo kuna ukuta usiopitisha molekuli kubwa namna hiyo. Ukuta huohuo ndio unaotulinda na sumu. Wapo watu wanaotafuta mlango. Hawajaupata, na hawataupata kwa wakati wake.

Kila jeni tunayo mara mbili, moja ya mama, moja ya baba. Wewe unayo moja nzima na moja mbovu. Baba Bonge naye vivyo hivyo. Moja nzima inatosha, ndiyo maana hamkuugua wala hamkujua. Kila mimba yenu ina nafasi moja kati ya nne ya kukutanisha mbovu mbili. Kwa Bonge zilikutana. Hakuna aliyekosa. Nimejipima na mimi. Ninayo moja mbovu kama wewe, tumetoka tumbo moja.

Mwambie Baba Bonge maneno haya kama yalivyo, asibaki na yale ya mama yake.

Dada yako


14 Oktoba

Dada,

Nilimwambia.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, anakwangua rangi kwenye kucha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo si wewe."

Nikasema, "Si mimi peke yangu."

"Na mimi mwenyewe ni mzima?"

"Mzima."

"Na wewe mzima. Tukiwa pamoja ndipo yanatokea."

Nikasema ndiyo. Akakwangua kucha nyingine. Halafu akauliza kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayeuliza njia, "Na kama ni mtu mwingine?"

Dada, ningeweza kusema sijui. Lakini uliniambia nimweleze kama yalivyo. Nikamwambia kwamba kwa mtu mwingine, karibu yeyote yule, isingetokea.

Hakugombana na mimi. Afadhali angegomba. Alikaa wiki chache, akawa anachelewa, akawa hawezi kumtazama Bonge akinyweshwa. Siku aliyokusanya brashi zake alisema, "Kila nikikutazama naona hesabu." Akambusu mtoto, akaenda. Mwanzoni alikuwa anakuja Jumamosi. Sasa haji.

Maneno ya mama yake yalinilaumu mimi, ni kweli. Lakini mume wangu alikuwa nyumbani. Yako yamenisafisha, na nyumba imebaki na mimi na mtoto asiyeniona. Ndiyo, haoni sasa. Nilijua wiki iliyopita, nilipomtabasamia kwa muda mrefu na uso wake usibadilike.

Usiniandikie tena habari za molekuli. Usiniandikie kabisa.

Mdogo wako


1 Novemba

Mdogo wangu,

Sitaeleza kitu. Nasema hili moja kisha nanyamaza: akianza kupaliwa, usimpe maji matupu. Mpe kitu kizito kidogo, uji uliopoa, kijiko kidogo, kichwa kikiwa juu. Akilala, mlaze ubavu. Akishikwa na degedege, usimtie kitu mdomoni, mgeuze tu na ukae naye mpaka ipite.

Nikipata ruhusa nitakuja. Ukinifukuza nitakaa nje.

Dada yako


20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Nilikuja mwezi Januari kama nilivyosema, nikakuta umefunga kibanda cha kushonea na jirani akaniambia mpo hospitali, na hospitali wakaniambia umekataza wageni. Nilikaa benchi la pale nje mpaka basi langu likakaribia kuondoka. Sikulaumu.

Niliacha kipande cha kitambaa laini kwa jirani. Si cha kazi. Ni cha kumfutia mdomo.

Dada yako


5 Septemba

Mdogo wangu,

Mwezi huu Bonge anatimiza miaka miwili. Siku yake ya kuzaliwa naijua, naikumbuka, sisemi kitu kwa mtu. Natumaini mnapumua.

Dada yako


26 Januari

Dada,

Salamu. Mimi ni mzima, kama mwili unavyoweza kuwa mzima.

Bonge ametutoka. Ilikuwa asubuhi, kumekucha vizuri, mitaani watu wamekwenda kazini. Nilikuwa nimempakata kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine nakaza vifungo vya koti la mteja. Kifua kilikuwa kinakoroma tangu juzi yake. Kikakoroma, kikasimama, nikangoja kikorome tena. Nilingoja kweli, dada. Nilimaliza na kile kifungo.

Uji uliopoa ulisaidia. Kulala ubavu kulisaidia. Barua zako zote nilizisoma, nilikuwa sijibu tu. Kile kitambaa nilikitumia mpaka kikawa uzi mtupu.

Nataka nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nilikuwa nimemshonea gauni la kutimiza miaka miwili, kwa kipimo cha watoto wa rika lake hapa mtaani. Nilijua litampwaya, lakini mkono ulikataa kukata dogo. Siku ya mazishi nikamvisha, likayameza mabega yake. Nikalivua, nikakaa kwenye cherehani kulipunguza. Watu wamejaa uani na mimi napunguza kiuno. Jirani akaja akaniambia, "Acha, hivyo hivyo inatosha." Nikamwambia mwanangu hataondoka na nguo isiyomkaa. Nilipiga pasi na mishono.

Baba yake alikuja. Alimbeba mwenyewe. Watu bado walikuwa wanamwita Bonge, na alikuwa mwepesi hata baba yake akawa anatembea kwa kumkumbatia kwa mikono yote, kana kwamba upepo ungemchukua.

Nilikufukuza kwa sababu ulikuwa ndiye mtu pekee aliyeniambia kweli. Sikuwa na mwingine wa kumkasirikia.

Mdogo wako


2 Februari

Mdogo wangu,

Nimeipata. Nimeisomea ngazini, sikuweza kufika ghorofani.

Watu wa huku wananiuliza kama aliyefariki alikuwa mtoto wa ndugu, nawaambia alikuwa wangu. Naomba nije. Nitakaa kimya, nitaosha vyombo, nitakaza vifungo, nifanye lolote utakaloniambia.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Hujambo? Nisamehe kuchelewa. Nilikuwa nalala mchana, nashona jioni, hata siku zinakwendaje nilikuwa sijui.

Usije kwanza. Kuna kazi nataka unifanyie, na ni ya huko kwenye vichupa vyako.

Juzi aliingia mwanamke kibandani. Nilidhani ni mteja wa gauni la mimba, maana tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaomba maji, hakunywa. Akasema, "Mimi ni msusi pale karibu na kituo cha polisi. Naishi na baba yake Bonge."

Nikaendelea kushona.

Akasema, "Sina haki ya kukuuliza. Yeye hajui kama nimekuja. Usiku anaamka, anakaa, ananitazama tumbo. Nikimuuliza anasema mlimfundisha hesabu. Nimekuja unifundishe na mimi. Lile jambo, mimi naweza kuwa nalo?"

Dada, nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, ya miaka miwili. Nikamtazama mikono, imekauka kwa dawa za nywele, ameishika magotini kama mtu aliye foleni ya daktari. Niliwahi kukaa hivyo. Nikaacha cherehani, nikajikuta namweleza. Mnyororo unaojikunja, kile kishimo, mafuta yasiyokatwa, moja ya mama na moja ya baba. Maneno yako yote niliyokukataza kuyasema yalikuwa kichwani mwangu yamepangwa. Alilia alipofahamu. Nilimpa kitambaa cha mteja.

Mpime. Si kwa ajili ya mume wangu, wala si kwa ajili ya mwanamke huyu. Yule wa ndani hajafanya kitu.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Nakutumia kadi ya karatasi nene yenye miduara. Mwende zahanati, muuguzi amchome kidole, damu ijaze miduara, ikauke kivulini, kisha urudishe ndani ya bahasha hii. Wakubwa wangu wameruhusu. Nitaipima mwenyewe, sitamwachia mtu.

Najivunia wewe, na nimeona aibu kuandika neno hilo, kwa hiyo liache hapo.

Dada yako


3 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Nimeisoma jeni yake, mwanzo mpaka mwisho, na nikairudia. Zote mbili ni nzima. Mtoto anaweza kurithi ile moja mbovu ya baba yake, akawa kama wewe na mimi, lakini hataugua. Atakaa, atashika, ataona.

Ukitaka nimwandikie mimi, nitamwandikia. Huna lazima ya kwenda.

Dada yako


12 Julai

Dada,

Salamu nyingi. Nilikwenda mwenyewe.

Nikwambie kweli. Nilipoifungua barua yako, kabla sijafika kwenye "nzima", kuna upande wangu uliotaka ziwe mbovu. Haukukaa sana, lakini ulikuwepo. Niliukalia mpaka ukaondoka, ndipo nikavaa viatu.

Nilimkuta msusi ana kitana mkononi na mteja kitini, nywele nusu zimesukwa, nusu zimesimama. Nikamwambia pale pale mbele ya mteja, "Zako ni nzima zote mbili. Mtoto hataugua." Akakaa sakafuni. Mteja wa watu akabaki na kichwa chake hivyo hivyo, hajui ashike wapi. Nikachukua kitana, nikamshikia lile fundo lisifumuke.

Baba Bonge alikuwa nyuma anapaka fremu ya dirisha. Alisikia. Akaja mlangoni na brashi inadondosha, akasimama kama mtu aliyefika nyumba ambayo hana uhakika nayo. Hakumtazama mkewe kwanza. Alinitazama mimi. Midomo ikawa inatafuta, na mwisho akasema, "Ahsante, Mama Bonge."

Dada, tangu tuzike hakuna aliyeniita hivyo. Mtaani sasa wananiita fundi, wateja wananiita dada, mama mkwe hapiti tena. Nadhani wanaona huruma, wanaliruka jina. Na mimi nilidhani limekwisha, kwamba mtoto akiondoka anaondoka nalo. Nilimwitikia. Nikasema "Abee," kama ninavyoitika siku zote, na sauti ikatoka sawa. Kisha nikamrudishia msusi kitana chake nikaondoka, na nilipofika kwenye kona ya kwanza nikashika ukuta wa watu nikalia mpaka mwenye nyumba akanitolea kiti.

Njoo sasa. Kitanda nimekitandika.

Mdogo wako,
Mama Bonge